Zege juu ya paa la Humayun: kisa cha maji yaliyozibiwa njia

Juu ya paa la kaburi la mfalme Humayun mjini Delhi kulikuwa na zege lenye unene wa karibu sentimita 40 na uzito wa tani zipatazo 1,000. Waliolijenga kaburi hilo hawakuwahi kuiona saruji. Zege liliwekwa miaka ya 1920 na watu waliotaka kuzuia paa lisivuje, na kila lilipovuja tena likaongezwa tabaka jingine juu ya lile la kwanza. Paa halikuacha kuvuja. Mwaka 2009, baada ya miezi mingi ya kazi ya patasi na nyundo, zege lote likang'olewa na chokaa ikarudishwa mahali pake.

Tunakichambua kisa hiki kwa sababu ndicho kinachomfundisha mgeni namna ya kulitazama kaburi hili na bustani yake. Wengi huingia, hupiga picha ya kuba, huzunguka mara moja na kuondoka. Jengo wameliona, lakini hawajaona kwamba tangu juu ya kuba hadi ukingo wa mfereji wa mwisho, waashi wale walikuwa wakishughulika na jambo moja: maji yaingie wapi, yapite wapi, yatokee wapi.

Kaburi lilivyokaa ndani ya bustani

Humayun, mfalme wa pili wa Mughal, ukoo uliotawala India, alifariki Januari 1556 baada ya kuanguka kwenye ngazi za maktaba yake katika ngome ya Purana Qila, mwendo mfupi kaskazini mwa hapo. Aliyesimamia ujenzi wa kaburi ni mjane wake, Bega Begum, anayejulikana zaidi kwa jina la Haji Begum kwa kuwa alikwenda kuhiji Makka. Kazi ilianza 1565 na kumalizika 1572. Msanifu alikuwa Mwajemi, Mirak Mirza Ghiyath, na mwanawe Sayyid Muhammad ndiye aliyeikamilisha.

Bustani inaitwa charbagh, maana yake bustani nne. Njia na mifereji huigawa katika robo nne, kila robo ikagawanywa tena mara tisa, jumla viwanja 36. Kaburi limekalia viwanja vinne vya katikati kabisa. Aliyewahi kufika Taj Mahal, iliyoanza kujengwa 1632, ataona tofauti mara moja: kule kaburi limesogezwa hadi mwisho wa bustani, kando ya mto. Hapa kaburi ndilo kitovu, na ukisimama upande wowote kati ya minne unaona uso uleule. Wakati linajengwa mto Yamuna ulipita karibu na ukuta wa mashariki. Siku hizi umehama, na mtu asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba pale palikuwa ukingoni mwa mto.

Mifereji yenyewe ni myembamba, imejengwa kwa mawe, na kwa jicho la kawaida imelala sawasawa. Haikulala. Hushuka sentimita 1 kwa kila mita 40. Yaani mfereji wa mita 160, mwendo ambao mtu huutembea kwa dakika mbili, unashuka sentimita 4 tu, upana wa vidole viwili. Ukipunguza mteremko kidogo, maji husimama na kuota mwani. Ukizidisha mteremko, maji hukimbilia upande mmoja na kuuacha mwingine mkavu. Inama karibu na mfereji wakati maji yanapita, utafute jani la mwarobaini lililoanguka: huenda polepole sana hadi unadhani limekwama, kisha unaliona limeshalipita jiwe jingine.

Mifereji miwili ifikapo kwenye kitako cha kaburi huonekana kupotea chini yake, na upande wa pili mfereji unaendelea kwenye mstari uleule. Msomaji wa Kurani hahitaji kuelezwa: bustani zipitazo mito chini yake. Maneno yanayosomwa kila siku, mafundi wale waliyageuza kuwa mawe na maji.

Bustani ndiyo iliyotangulia kuharibika

Fedha za ufalme zilipopungua, bustani haikuwa tena na wa kuitunza, na kufikia karne ya 18 watu walikuwa wakilima humo kabichi na tumbaku. Septemba 1857 Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa ukoo huo, alikamatwa hapahapa alipokimbilia baada ya Waingereza kuitwaa Delhi. Miaka ya 1860 Waingereza wakaipanda upya kwa mtindo wa kwao, wenye vitalu vya mviringo, kisha mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Lord Curzon, jitihada zikafanywa kuirudishia sura yake ya awali. Ilipogawanywa India mwaka 1947, eneo hilo likawa kambi ya wakimbizi kwa miaka kadhaa. Hakuna wa kuwalaumu wale waliopika na kulala kwenye mifereji iliyokauka. Lakini mfereji wenye mteremko wa sentimita 1 kwa mita 40 hauwezi kupitia hayo yote ukabaki na kipimo chake.

Matengenezo ya bustani yalitangazwa 1997, India ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, na kumalizika 2003. Yalifanywa na idara ya India ya mambo ya kale ikishirikiana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na yalikuwa ya kwanza kwa jengo la kumbukumbu la taifa nchini humo kugharamiwa na fedha za nje ya serikali. Udongo uliorundikana kwa miaka ukatolewa kwa mikono, malori yapatayo 3,000, ili njia na nyasi zirudi kwenye usawa wake. Zaidi ya kilomita 3 za mifereji zikatandikwa upya, na wachonga mawe zaidi ya 60 wakachonga kwa mkono mita 2,000 za mawe mekundu ya kingo. Ikapandwa miti na mimea 2,500: miembe, milimau, miarobaini, yasmini. Visima vya zamani vikazibuliwa, na mashimo 128 yakachimbwa ili maji ya mvua yazame ardhini badala ya kukimbilia mtaroni.

Hayo mashimo 128 hayapigwi picha na mtu, nasi tunaona ndiyo yaliyo muhimu kuliko yote. Delhi hupata sehemu kubwa ya mvua yake kuanzia Julai hadi Septemba, kisha ukame. Bustani ya mifereji isiyo na mpango wa kuhifadhi maji ya miezi hiyo mitatu itakunywa maji ya wakazi wa mji miezi tisa iliyobaki.

Kilichotokea juu ya paa

Paa la awali lilikuwa la chokaa. Chokaa hunyonya unyevu kidogo mvua ikinyesha na kuuachia jua likitoka. Tena ina ulaini fulani: jengo likitanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, chokaa hufuata. Maji mengi hayakuachwa yakae hapo hata kidogo. Paa lilipewa mteremko na matundu ya kuyatoa nje.

Saruji ya miaka ya 1920 iliharibu vyote viwili kwa mkupuo. Kwanza iliziba njia za maji, yakakosa pa kutokea. Pili, saruji ni ngumu kuliko jengo lililo chini yake. Delhi ina joto la nyuzi 45 mwezi Mei na baridi kali Januari, na kati ya joto hilo na baridi hiyo zege hupasuka nyufa nyembamba. Maji huingia kwenye ufa. Kuingia ni rahisi, kutoka hayawezi, kwa kuwa juu yamefunikwa na kitu kisichopitisha unyevu. Yakikosa pa kupandia, hushuka: yanaingia kwenye uashi, yanayeyusha chumvi iliyomo ndani ya saruji yenyewe na kusafiri nayo hadi kwenye mawe na lipu ya ndani. Unyevu ukikauka, chumvi hubaki na kuwa chembe ngumu ndani ya vitundu vya jiwe, na chembe hizo zikikua huusukuma uso wa jiwe ukabanduka magamba magamba.

Msimamizi wa wakati huo alichokiona ni doa la unyevu darini. Akaagiza saruji iongezwe. Miaka kadhaa baadaye doa likarudi, naye mrithi wake akafanya vilevile. Ndivyo sentimita 40 zilivyopatikana. Hapana aliyeamua kulitwisha kaburi tani 1,000. Kila mmoja aliongeza kidogo, na kila mmoja alikuwa akitibu maradhi aliyoachiwa na dawa ya mwenzake.

Jukwaa la chini, ambalo kaburi limesimama juu yake, nalo lilipatwa na hayohayo. Sakafu yake ya awali ilikuwa ya mawe makubwa ya kwatsaiti, aina ya jiwe gumu sana, mengine yakizidi kilo 1,000 jiwe moja. Miaka ya 1940 mawe yalipotitia huku na huku, badala ya kuyainua na kuyatengeneza, yalifunikwa kwa zege. Likapotea jiwe, na ukapotea mteremko.

Kung'oa, halafu kurudishia

Kabla ya kugusa kitu jengo lilipimwa lote kwa mwanga wa leza, ili kila ufa na kila jiwe viwe na kumbukumbu. Kisha zege likaondolewa kwa vifaa vya mkono tu. Mashine ya kubomolea ingemaliza kazi kwa siku chache, lakini mtikisiko wake ungepita moja kwa moja hadi kwenye matao yaliyo chini. Hapa ndipo miradi mingi ya namna hii huharibika, pale mkandarasi anapolipwa kwa kuwahi kumaliza. Kazi nzima ya jengo, iliyozinduliwa Septemba 2013 baada ya kukamilika, ilichukua siku za kazi za mafundi zipatazo 200,000 ukijumlisha za kila fundi.

Chokaa iliyorudishwa haikutoka mfukoni ikachanganywa na maji asubuhi na kupakwa mchana. Chokaa ya kazi hizi hulowekwa muda mrefu hadi iwe laini kama siagi, kisha husagwa na kuchanganywa na unga wa matofali yaliyochomwa, ambao huifanya ishike hata penye unyevu. Mapishi ya mafundi wa India huongeza vitu vya jikoni: sukari guru, nyama ya tunda la bel, maji ya dengu, ute wa yai. Havikutiwa kwa ushirikina. Sukari huchelewesha mchanganyiko kukauka, fundi akapata muda wa kuusugua. Ute na utomvu huufanya unate na kupunguza nyufa. Tabaka la mwisho hutiwa unga wa marumaru, likasuguliwa mpaka ling'ae.

Msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa anayajua haya kwa jina jingine. Nyumba za mawe za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwenye tanuri, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukizipiga lipu ya saruji kwa nje, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi na kuozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Gonga lipu hiyo kwa kifundo cha kidole: ikilia utupu, imeshaachana na ukuta na nyuma yake kuna maji au chumvi. Taasisi ileile ya Aga Khan ndiyo iliyotengeneza Dispensari ya Kale ya Mji Mkongwe na bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa tena 2009, mwaka uleule ambao zege la Humayun liling'olewa.

Penye ubishi

Juu ya paa kuna vibanda vidogo vyenye kuba, ambavyo zamani vilivikwa vigae vya rangi. Vigae vingi vilikwisha kudondoka. Mafundi waliletwa kutoka Uzbekistan, wakawafundisha vijana wa mtaa wa Nizamuddin ulio jirani, na vigae vipya vikapachikwa.

Hapa wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Hati ya Venice ya mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kukarabati majengo ya kale, inasema ukarabati hukoma pale dhana inapoanza, na wapo waliouliza kwa nini kigae kipya king'ae juu ya jengo la miaka 440. Waliojibu walisema alama za vigae vya awali zilikuwepo, na jengo lililokusudiwa kuvaa rangi halitendewi haki kwa kuachwa uchi. Kuhusu zege hatuoni shaka hata chembe: lilikuwa linaua, lilistahili kuondoka. Kuhusu vigae, tunamwelewa anayesita. Lakini faida moja haina ubishi, nayo ni kwamba sasa wapo vijana wa mtaa wanaoijua kazi hiyo, na kigae kitakachodondoka kesho kina wa kukitengeneza.

Namna ya kukiona kisa hiki kwa macho

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Delhi wameleta mgonjwa, na kati ya vipimo na majibu hubaki siku za kungoja. Wanaokaa upande wa Jasola au Sarita Vihar wako kwenye njia ya zambarau ya metro, ambayo hufika kituo cha Jawaharlal Nehru Stadium (JLN Stadium) bila kubadilisha treni. Kutoka hapo ni kama kilomita mbili kwa bajaji. Patana bei kabla ya kupanda, na utaje Humayun's Tomb, usiseme Nizamuddin, maana utapelekwa stesheni ya treni au kwenye dargah, kaburi la walii wa jina hilo.

Eneo hufunguliwa kila siku jua linapochomoza hadi linapotua, tofauti na Taj Mahal inayofungwa Ijumaa. Mgeni kutoka Afrika amekuwa akilipa rupia 600 dirishani, pungufu kidogo akilipa kwa mtandao, na watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Fika saa moja asubuhi au saa tisa na nusu alasiri. Mei na Juni saa sita mchana mawe ya jukwaa huchoma hata kupitia soli, na Novemba hadi Januari moshi na ukungu huweza kulificha kuba kabisa. Februari, Machi na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Tenga saa mbili na nusu.

Usikimbilie kuba. Ukishaingia, upande wa kulia kuna kaburi la kabaila Isa Khan la mwaka 1547, lenye pembe nane, la zamani kuliko la Humayun kwa karibu miaka 20. Anza hapo. Utaona ukubwa wa hatua iliyopigwa kutoka jengo hili la chini, lililojikunyata ndani ya ukuta wake, hadi lile linalopanda karibu mita 47.

Pita lango la magharibi, usimame kwenye mfereji wa kwanza na kuufuata hadi kitakoni. Kwenye jukwaa la chini tazama sakafu: mawe makubwa yasiyolingana ndiyo yaliyolala chini ya zege tangu miaka ya 1940. Halafu ngazi. Ni za mawe, kila kipandio kimeinuka sana, na zimo ndani ya tao lenye giza. Aliyepasuliwa karibuni, mwenye magoti mabovu au presha asizipande. Bustani ni tambarare, ina vivuli, na kisa cha maji kiko huko zaidi kuliko juu.

Ndani, jiwe jeupe lililo katikati ni alama tu. Humayun mwenyewe amezikwa chini, sawa na mahali hapo. Tafuta upande wa magharibi. Sisi wa pwani tumezoea kibla kaskazini, lakini kwa Delhi kibla ni magharibi, na hapo utaona kimia cha marumaru kilichochongwa umbo la mihrabu. Ni mstari tu. Badala ya ukuta mzito kuna matundu, na alasiri mwanga huingia kwa umbo la mihrabu na kulala sakafuni. Kisha inua macho. Kuba unaloliona ndani silo lile la nje, maana kuna makuba mawili, moja juu ya jingine, na nafasi kati yake. La ndani limepimwa lifae chumba, la nje limepimwa lionekane kutoka bustanini.

Wakati wa kutoka, zunguka jukwaa la juu na uangalie ukingo wa paa. Kama umepata bahati ya kufika Agosti, kaa chini ya tao wakati mvua inanyesha na usubiri dakika chache. Maji yataanza kumwagika nje, pale waashi wa Mirak Mirza Ghiyath walipokusudia yatokee.